Mlio wa Breki ya Mbele kwenye Honda CB750 ya Mwaka 1972: Kisa Kimoja kutoka Mbale

Pikipiki iliyoletwa kwenye gereji yetu hapa Mbale, Uganda, ilikuwa Honda CB750 Four ya mwaka 1972, mali ya afisa wa polisi mstaafu ambaye hapa nitamwita Afande, kama tunavyomwita siku zote. Aliirithi kwa kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, na ilikaa bandani miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: breki ya mbele inalia. Inalia kiasi kwamba akiteremka kutoka Sipi na kuukaribia mji, wauza ndizi wa kando ya barabara hugeuka kabla hawajamwona. Alikwisha kubadilishiwa pedi mara mbili ndani ya miezi 5, na mafundi wawili tofauti, na kila mara mlio ulipotea siku 3 au 4 kisha ukarudi vilevile.

"Fundi," aliniambia, "sikuja kununua pedi za tatu. Nataka kujua ni nini kinacholia."

Kabla ya kueleza tulichokikuta, ni lazima breki yenyewe ieleweke, kwa kuwa kisa chote kimejificha katika umbo lake. CB750 iliingia sokoni mwaka 1969 ikiwa pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi yenye breki ya diski ya mafuta kwenye gurudumu la mbele. Nyuma ilibaki na breki ya ngoma. Diski ni moja, ya chuma kisichoshika kutu, iliyofungwa upande wa kushoto. Kalipa, yaani kile kishikio kinachoikumbatia diski na kubeba pedi zinazoibana, ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa nje. Mkono wa breki ukibanwa, pistoni husukuma pedi ya nje mpaka iguse diski. Pedi ya ndani, iliyo upande wa spoki, haisukumwi na kitu chochote, bali imekaa tu katika nusu ya pili ya kalipa. Ili nayo ibane, kalipa nzima lazima ivutike kuelekea nje kwa sehemu ndogo ya milimita, na hufanya hivyo kwa kuzunguka kwenye pini moja iliyosimama sambamba na mguu wa shokapu, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Nyuma yake kuna skrubu yenye springi na nati ya kufungia, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba breki ikiachiwa, pedi ya ndani inabanduka kidogo kwenye diski.

Nimelirefusha jambo hili makusudi. Pikipiki nyingi tunazotengeneza kila siku ni za boda boda, hasa Bajaj Boxer, na hizo zina breki za ngoma. Breki ya ngoma ikilia, mara nyingi ni vumbi lililojaa ndani au breki shuu zilizong'aa. Unafungua, unapangusa, unapiga msasa, unafunga, na mteja anaondoka ameridhika. Mkono uliozoea kazi hiyo ukikutana na diski hurudia yaleyale, na ndivyo walivyofanya wenzangu wawili waliotangulia. Wa kwanza aliweka pedi mpya na kufunga. Wa pili aliweka pedi mpya, akazipaka grisi ya kawaida mgongoni, kisha akaikwangua diski kwa msasa mkali mpaka ikabaki na mikwaruzo inayoonekana hata kwa mbali. Siwalaumu sana, maana mimi mwenyewe, kama itakavyoonekana, nilikosea pia, ila kosa langu lilikuja baadaye kidogo.

Tulianza kwa kuiendesha, si kwa kuifungua. Mlio ulikuja pale tu breki ilipobanwa kwa upole, katika mwendo wa chini ya kilomita 30 kwa saa, na ulikoma kabisa mkono ulipobanwa kwa nguvu. Pikipiki ilipovutwa kinyumenyume huku breki imeguswa, ilikaa kimya. Hizo ni habari tatu zenye thamani kubwa, na zote zilipatikana bila spana. Pedi iliyoharibika au yenye mafuta haichagui mwelekeo wa gurudumu. Kitu kinacholia mbele na kunyamaza nyuma kinatuambia kwamba tatizo liko katika namna pedi inavyokaa pale diski inapoingia.

Jaribio la nne lilikuwa la mpini wa nyundo. Kijana wangu wa gereji alichuchumaa kando ya gurudumu, akaegemeza ncha ya mpini kwenye mgongo wa kalipa na kuukandamiza kwa mikono miwili, wakati mimi naisukuma pikipiki taratibu kwenye sakafu ya saruji nimeigusa breki kwa vidole viwili. Alipokandamiza, kimya. Alipoachia, mlio. Tulirudia mara sita, naye akaanza kucheka, kwa sababu ilikuwa kama kufungua na kufunga redio. Afande, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na kikombe chake cha chai, aliinuka kuja kuona kwa macho yake.

Maana ya jaribio hilo ni hii. Mlio wa breki ni mtetemo. Pedi hushika diski, ikaburutwa nayo kwa umbali mdogo mno, ikateleza na kurudi, ikashika tena, na kitendo hicho hurudiwa zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde. Diski, ambayo ni sahani ya chuma, huupokea mtetemo huo na kuutangaza kama kengele. Pedi mpya haiuondoi, kwa sababu msuguano ndio kazi yake. Kinachoamua kama mtetemo utakua au utakufa ni jinsi vipande vinavyoishikilia pedi vilivyokaza au vilivyolegea. Mpini wa nyundo ulipounyamazisha mlio, ulikuwa umefanya kazi ambayo kitu fulani ndani ya kalipa kilipaswa kuifanya na hakikuifanya.

Tuliondoa gurudumu, tukafungua boliti mbili ndefu za alenki, tukatenganisha nusu mbili za kalipa. Hapa nieleze tahadhari moja ambayo gereji nyingi huipuuza. Pedi za zama hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na katika pikipiki iliyolala bandani miaka mingi huwezi kujua vumbi lililomo ni la pedi zipi. Kwa hiyo hatukupuliza kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo; tulipangusa kwa kitambaa chenye maji, tukakitia ndani ya mfuko na kuufunga.

Pedi zilikuwa na umri wa miezi 2 tu. Ya nje ilikuwa na milimita 3.9 kotekote. Ya ndani ilikuwa na milimita 4.1 juu na 5.2 chini. Tarakimu hizo nilimwambia kijana aziandike kwa chaki ukutani, na heri nilifanya hivyo, kwa sababu siku ile nilisoma nusu yake tu. Niliona kwamba kwa ujumla pedi ya ndani imelika kidogo kuliko ya nje, nikajua mara moja kwamba kalipa haizunguki vizuri kwenye pini yake. Kwamba ya ndani imelika kwa mshazari, juu zaidi kuliko chini, niliona pia, lakini sikujiuliza.

Pini ilikuwa imekwama kweli. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imechanganyika na vumbi jekundu la barabara zetu za marramu, ikakauka na kuwa kitu kinachofanana zaidi na udongo wa tofali kuliko na grisi. Tuliimwagia mafuta ya kupenya kutu, tukaiacha usiku kucha, na asubuhi tukaigonga kwa kipande cha mti wa mvule mpaka ikatoka, ikiangusha chenga nyekundu kwenye karatasi. Mkono wa kalipa, uliopaswa kuzunguka kwa kidole, ulikuwa haujazunguka kwa miaka.

Pistoni tuliitoa kwa kubana mkono wa breki polepole, mafuta yenyewe yakaisukuma nje. Njia hii ni salama kuliko upepo wa kompresa, ambao unaweza kuirusha pistoni kama jiwe la manati. Sili yake, ile pete ya mpira inayoizunguka, ilikuwa imekakamaa. Watu wengi hudhani sili ya pistoni kazi yake ni kuzuia mafuta yasivuje, basi. Lakini katika kalipa ya namna hii sili ndiyo inayoirudisha pistoni: breki ikibanwa, mpira wake hupinda pamoja na pistoni, na ikiachiwa, mpira hurudi katika umbo lake na kuivuta pistoni nyuma kwa kiasi hichohicho. Sili ikiwa ngumu, au mfereji wake ukiwa na ukoko unaoisukuma kutoka nyuma, pistoni hairudi, na pedi inabaki ikiisugua diski njia nzima. Tuliukwangua mfereji kwa kijiti cha mwanzi ili tusiuchubue, tukaweka sili mpya. Mpira wa breki wa zamani, yaani bomba linalopitisha mafuta, nao tuliutupa, kwa kuwa mipira ya umri huo huvimba kwa ndani na kuyazuia mafuta yasirudi.

Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Hili halihusiani na mlio, lakini linahusiana na uhai wa Afande, na kwa hiyo sitalipita. Kutoka Sipi hadi chini barabara inashuka zaidi ya mita 500. Pikipiki hii pamoja na dereva wake ni zaidi ya kilo 300, na nishati inayopaswa kumezwa katika mteremko huo, kabla ya kuondoa ile inayochukuliwa na injini na upepo, inafika karibu joule milioni 1.5, ambazo zingetosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji ya baridi. Sehemu kubwa ya joto linalobaki kwa breki humwagika kwenye diski moja. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabanika, na mkono wa breki unagonga mpini huku pikipiki ikiendelea na safari. Tuliweka DOT 4 mpya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo.

Diski ilipimwa kwa maikromita ikawa milimita 6.4, mpya huwa 7, na kikomo chake ni 5.5. Kuyumba kwake hakukufika milimita 0.1, wakati kinachoruhusiwa ni 0.3. Diski, kwa maneno mengine, ilikuwa nzima, isipokuwa ile mikwaruzo ya msasa mkali. Tuliifuta kwa msasa laini uliofungwa kwenye kipande cha mbao bapa, kwa mizunguko midogo isiyofuata mwelekeo mmoja, kisha tukaiosha kwa maji ya sabuni na kumalizia kwa spiriti.

Pedi mpya ziliagizwa nje kupitia jamaa wa Afande, za mchanganyiko laini usio na asbesto. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, tulipewa za unga wa chuma zilizochongwa zikae, zenye sifa ya kudumu. Nilizikataa, kwa kuwa zinakwangua, na diski ya miaka 50 ni ghali kuliko pedi kumi. Ukingo wa juu na wa chini wa kila pedi niliukata kwa mshazari kwa tupa, upana wa milimita 2 hivi, ili diski inapoingia isikutane na kona kali. Mgongoni nilipaka grisi ya silikoni, kiasi cha kuacha kivuli tu. Grisi ya kawaida ya fundi aliyetangulia ilikuwa kosa la aina mbili: inayeyuka kwa joto na kuifuata pedi, na inazivimbisha sili na mipira ya breki, ambayo haipatani kabisa na grisi na mafuta yatokanayo na petroli.

Kutoa upepo kwenye mfumo kulichukua alasiri nzima, kwa sababu viputo hupenda kujificha kwenye mapindo ya juu karibu na masta silinda, ile pampu ya mafuta iliyo kwenye mkono wa breki. Mwishowe tuliufunga mkono wa breki kwa kamba, ukabaki umebanwa mpaka asubuhi, na mkono ukawa mgumu kama unavyotakiwa. Skrubu ya nyuma niliirekebisha mpaka pedi ya ndani iguse diski, kisha nikairudisha mpaka gurudumu lizunguke bila kusikika.

Afande aliichukua. Tulimpa masharti: kwenye barabara ya Tirinyi, ambayo ni tambarare, apunguze mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 mara 30 hivi, akiacha diski ipoe kati ya mara moja na nyingine, na asisimame kabisa huku amebana breki ya moto. Alifuata masharti kama amri ya jeshi. Siku ya kumi na mbili alirudi.

"Imerudi," alisema, kisha akaongeza kwa haki, "ila si kama zamani. Sasa inalia kama ndege."

Hapo ndipo nilipoona aibu, nikaenda ukutani kusoma chaki. Milimita 4.1 juu, 5.2 chini. Kalipa ya pikipiki hii iko mbele ya shokapu, na gurudumu likienda mbele, sehemu ya diski iliyo pale inashuka chini. Kwa hiyo diski inaingia kwenye pedi kwa juu. Pini iliyokwama tu inaweza kuzifanya pedi mbili zisilike sawa, au kuifanya moja ilike zaidi upande wa karibu na bawaba. Haiwezi kuifanya pedi ilike juu kuliko chini. Ili pedi ilike juu, kalipa lazima iwe inapinduka, kichwa kikielekea kwenye diski, na kalipa inapinduka pale tu pini inapocheza ndani ya tundu lake.

Tulifungua tena. Niliipima pini, iliyokuwa sasa safi na yenye grisi mpya, kwa kuizungusha chini ya maikromita. Ilikuwa imelika upande mmoja kwa milimita 0.3. Ukiishika kalipa kwa vidole na kuitikisa juu na chini, ulisikia mgongano mdogo sana, ambao mara ya kwanza usingeweza kuusikia, kwa sababu ule udongo mwekundu ulikuwa umeijaza nafasi yote na kuikaza kalipa ikiwa imeinama. Mimi niliusafisha uchafu nikidhani nimeondoa ugonjwa, kumbe nilikuwa nimetoa gango kwenye mguu uliovunjika. Hata mpini wa nyundo ulikuwa umetuambia hivyo siku ya kwanza: kalipa iliyokwama tu isingehitaji kushikiliwa ili inyamaze.

Pini mpya ilikerezwa na fundi wa mashine ya kukerezea hapa mjini, kutoka kwenye fimbo ya chuma cha pua, kwa shilingi 40,000. Tundu la mkono wa kalipa lilikuwa limelika pia, lakini kwa kiasi kidogo, hivyo tulimpa kipimo cha tundu lenyewe, si cha pini ya zamani, akaikereza pini kulifuata tundu na kuacha nafasi ya kupita filamu ya grisi tu. Kazi ilimchukua saa mbili, na mara tatu aliirudisha kwenye mashine kwa sababu sikukubali. Ilipokaa, kalipa ilizunguka kwa kidole kimoja upande wa nje na wa ndani, na haikutikisika hata kidogo juu na chini. Pedi zilezile, ambazo hazikuwa na kosa, zilisawazishwa juu ya kioo chenye msasa wenye maji na kurudishwa.

Wapo watakaouliza kwa nini hatukuanza kwa kubadilisha pini, wakati ni kipande cha bei ndogo kuliko pedi zenyewe. Jibu ni kwamba pini haionekani na pedi inaonekana, na mteja anayeingia gerejini akisema breki inalia anatarajia kuoneshwa kitu kilicholika. Mafundi watatu, nikiwamo, tulimwonesha pedi.

Baada ya kilomita 1,200, nyingi zikiwa za kupanda na kushuka Kapchorwa, Afande aliileta tuifungue kwa ukaguzi. Pedi ya nje ilikuwa na milimita 5.8. Ya ndani ilikuwa na 5.9 juu na 5.9 chini. Kijana aliziandika ukutani chini ya zile za zamani, safari hii bila kuambiwa. Kuna mlio mmoja uliobaki: asubuhi za umande, mbano wa kwanza kabisa hutoa sauti fupi ya kukwaruza, kisha diski ikikauka inanyamaza kutwa nzima. Huo ni wa unyevu juu ya chuma kisichoshika kutu, na nilimweleza Afande kwamba sitaugusa.